Uso wa Jirani

Laini yetu ya nyumba pale mtaani Jericho walisema nina madharau. Walisema tangu nipate kazi ya kushona sare za shule nimejiona mtu, napita wenzangu kama napita milingoti ya stima. Na kupita nilikuwa nawapita kweli, sikatai. Mama wa watu ananisalimu vizuri, mimi najibu "nzuri" huku macho nimeyaelekeza kwa ukuta wa nyumba ya pili, halafu naenda zangu. Jioni ungeniuliza nilikutana na nani, singekuwa na jibu.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimeshavuka sitini. Mume wangu alikuwa amekufa zamani, watoto walikuwa na nyumba zao, na mimi nilibaki na cherehani yangu ya kukanyaga pale mlangoni. Sifa yangu kubwa ilikuwa macho. Kina mama wote wa laini walikuwa wananiletea sindano niwatungie uzi, hata walio wadogo kwangu, na mdomo wangu huu haukuwaacha waende hivi hivi. "Mmeanza kuzeeka mapema, nyinyi!" Nilikuwa nawacheka hadi wanaondoka wamenuna.

Basi siku moja nikanunua mjini kitambaa cha miraba, buluu na nyeupe, cha sare ya shule ya msingi. Nilipokitandaza mezani nikaona mistari imepinda. Katikati miraba ilikuwa imezama kama godoro la zamani. Nikakikunja kwa hasira nikakirudisha dukani siku hiyo hiyo, nikaongea mpaka wateja wakasimama kusikiliza. Mwenye duka akachukua rula ndefu ya mbao, akailaza juu ya mstari, akaniambia, "Mama, angalia mwenyewe." Nikaangalia. Nikamwambia na rula yake pia ni mbovu.

Watu walicheka, na mimi nikafikiri wanamcheka yeye.

Nilienda kliniki ya macho baadaye, baada ya kujishona kidole. Daktari alikuwa msichana tu, ningeweza kumzaa mara mbili. Akanitia matone, akachungulia ndani ya macho kwa taa yake kwa muda mrefu, halafu akanipa kadi. Ilikuwa na miraba, na doti moja nyeusi katikati. "Funika jicho la kushoto," akasema. "Angalia doti. Mistari ikoje?"

Nikamwambia, "Daktari, kumbe na wewe unanunua kwa yule mwenye duka?"

Hakucheka. Akavuta kiti karibu akanieleza polepole. Nyuma ya jicho, akasema, ndiko picha ya kila kitu inakoangukia, na katikati kabisa kuna sehemu ndogo ya kuonea vitu vidogo vidogo, herufi, tundu la sindano, uso wa mtu. Hiyo sehemu yangu ilikuwa imechakaa kwa sababu ya umri. Macho yote mawili, la kulia zaidi. Miwani haingeirudisha, wala matone. "Lakini hutaingia gizani, mama. Utatembea, utapika, utaona mlango na sufuria. Ni pale katikati ndipo patakapoendelea kufifia."

Nikamuuliza ni nani amenifanyia hivi, maana kwetu kuna watu wa kuroga. Akasema hakuna mtu, ni miaka. Akasema pia kuna aina nyingine, ambayo mishipa huvuja nyuma ya jicho na kuharibu kwa haraka, na yangu inaweza kugeuka ikawa hiyo. Kwa hivyo kila asubuhi nifunike jicho moja, niangalie miraba, halafu nifunike la pili. Siku nikiona mistari imepinda kuliko jana, nisingoje Jumatatu, nije mbio, kwa sababu hiyo nyingine mara nyingine huweza kuchomwa kwa mwale mkali wa mwanga isiendelee. Nile mboga za majani. Nikamwambia, binti yangu, mimi nimekula sukuma wiki tangu nije Nairobi, kama ni mboga ningekuwa naona mpaka Mombasa.

Mwisho akanifundisha kuangalia pembeni. Nikitaka kumwona mtu nisimwangalie usoni, nimwangalie sikio au bega, na uso utajitokeza kwa ukingo wa jicho. Nikajaribu, na kweli nikamwona, alikuwa na mwanya. Lakini moyo ulinishuka. Kwetu sisi, mwanamke akikuangalia hivyo, kichwa kando, macho yamepita begani kwako, amekutukana bila kufungua mdomo.

"Na uwaambie watu wako," daktari akasema. "Waambie wakija wajitaje."

Nikasema sawa. Nikarudi nyumbani, nikakata kipande cha kile kitambaa cha miraba alichokataa kukipokea mwenye duka, nikashona kifungo cheusi katikati, nikakitundika karibu na dirisha. Kila asubuhi nilikuwa nakiangalia, jicho moja, halafu la pili. Na sikumwambia mtu hata mmoja.

Niliona aibu, ndiyo kweli yenyewe. Mimi mtungaji wa sindano za laini nzima! Niliwaona tayari wakinishika mkono kunivusha mtaro, watoto wakiniita yule mama kipofu. Niliona afadhali waseme mimi ni mbaya kuliko waseme sioni. Na walisema.

Hata jirani yangu sikumwambia. Huyo alikuwa wa ukuta mmoja na mimi kwa zaidi ya miaka ishirini, tukiitana jirani tu, hakuna jina lingine. Akitaka chumvi alikuwa anagonga ukuta. Mumewe alifanya kazi kiwandani kule Industrial Area, na kuna siku jirani aliingia kwangu, akafunga mlango, akanililia mapajani. Mume alikuwa na mwanamke mwingine mtaa wa Komarock, na mtoto. "Nimekuambia wewe peke yako," akasema. "Hata mama yangu hajui." Nami nilikaa na hilo neno kama amelitia sandukuni.

Kisha yule mume akaugua siku chache tu, akafa.

Siku ya kwanza ya matanga nilichelewa, kwa sababu nilikuwa namalizia nguo nyeusi ya jirani mwenyewe, na kwa macho yangu yale kushona nyeusi kwa uzi mweusi ilikuwa adhabu. Nilipofika jua lilikuwa kali nje, na ndani mapazia yamefungwa. Niliona giza lenye watu. Kwenye godoro lililowekwa sakafuni, mahali pa mjane, niliona mwanamke mnene amejifunga kitambaa kichwani, ameinama. Mwili wa jirani, mkao wa jirani. Sikumwangalia pembeni. Hapo mbele ya watu wote niliogopa kuonekana namkata jicho mfiwa, nikamwangalia moja kwa moja kama mtu mwenye adabu, na uso wake ulikuwa ukungu tu.

Nikapiga magoti, nikamkumbatia, nikalia sana. Nikamwambia sikioni, lakini mimi sina sauti ya sikioni, kila mtu huniambia hivyo: "Woi, jirani yangu! Mke ni wewe peke yako. Yule mwanamke wa Komarock akithubutu kuja hapa na mtoto wake, mimi mwenyewe nitamtoa."

Mwanamke niliyemkumbatia akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Mama, ni mimi wa Komarock."

Nikageuka. Mlangoni kulikuwa na mtu amesimama na beseni la maji. Sikuuona uso wake, lakini nilisikia beseni likiwekwa chini taratibu, na hiyo taratibu nikaijua ni ya nani.

Siwezi kueleza aibu ile. Mpaka leo nikiikumbuka naona joto linapanda shingoni. Siri aliyoniachia mimi peke yangu nilikuwa nimeimwaga mbele ya wakwe zake, mbele ya watu wa kanisa, na kama haitoshi nilikuwa bado nimemshika mikononi mwenzake, aliyeingia kama mgeni yeyote tu akakaa pale jirani alipotoka kuchota maji. Watu walisema nimefanya makusudi. Walisema, si mnaona anavyotuangaliaga? Hata mfiwa amempita! Na mimi, mdomo wote huu, nilinyanyuka nikaenda nyumbani bila neno. Neno lilikuwa moja tu, sioni, na halikutoka. Hata pale.

Walisafirisha maiti nyumbani kwao magharibi, wakazika, jirani akarudi. Nikasikia kufuli lake, viatu vyake, maji yake kwenye ndoo. Ukuta haukugongwa. Chumvi alikuwa anaitisha nyumba ya mwisho kabisa, anapita mlango wangu kwenda na kurudi. Kila asubuhi nilikuwa naangalia kifungo changu, na kwa jicho la kulia kifungo hakikuwepo tena, kilikuwa kimemezwa na doa la kijivu. Nilikaa na cherehani bila kukanyaga. Nikajiuliza, sasa unamficha nani? Macho yanaenda na jirani ameenda, umebakiwa na sifa ya kazi gani?

Nikakitungua kitambaa, nikaenda. Nilibisha, akafungua, akasimama hapo hapo mlangoni bila kunikaribisha.

"Hiki kina nini?" nikamuuliza.

"Kifungo," akasema. "Umekuja kunionyesha kifungo?"

"Mimi hicho kifungo sikioni. Nikifunika jicho hili, kifungo hakipo, na miraba yote imepinda. Daktari aliniambia kitambo. Ile siku niliona mtu, sikuona uso. Nilidhani ni wewe, jirani. Haki ya Mungu nilidhani ni wewe."

Nikageuza kichwa kando nimtafute, macho yangu yakaegemea kizingiti cha mlango.

"Hata sasa hivi huniangalii!" akafoka. Akanishika kidevu kwa vidole vyake vyenye unga, akanigeuza nimtazame. "Niangalie mimi unapoongea na mimi!"

"Nikikuangalia hupo," nikamwambia.

Vidole vyake havikutoka kidevuni mara moja. Nilisikia anavyopumua. Halafu akaniachia, na mimi nikarudisha macho yangu kwenye kizingiti, na pale kwa ukingo akajitokeza. Alikuwa amekonda usoni. Alikuwa analia, na kwa hasira.

"Mimi nilikuletea yangu yote," akasema. "Nikakulilia mapajani. Wewe ukakaa na yako huko nyuma ya ukuta, ukanificha macho? Mimi?"

Nilikuwa nimejitayarishia matusi kuhusu matanga. Hilo sikuwa nimejitayarishia. Nikalia kama mtoto, nikiangalia kizingiti. Hakunikumbatia. Alichukua kile kitambaa mkononi mwangu akakitazama sana, akafunika jicho lake moja, akafunika la pili, kisha akanirudishia akafunga mlango, sio kwa nguvu.

Nikarudi kwangu nikajua imekwisha.

Asubuhi yake nilikuwa dirishani, kiganja juu ya jicho la kushoto, ukuta ukagongwa. Nilifikiri nimesikia vibaya. Baada ya muda kivuli kikajaa mlangoni, mtu mnene, kitambaa kichwani, amebeba kitu kama bakuli. Nilianza kugeuza kichwa kando, na aibu ile ile ikaanza kupanda, lakini hakuningoja nimtafute.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya kusikika laini nzima. "Usihangaike. Ni mimi. Si yule wa Komarock."