Mkono Uliochomelea Pikapu

Mtaani walimwita Breki. Aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na sifa yake ilikuwa kusimama taratibu hadi abiria aliyesinzia asijue kwamba wamefika. Mkewe alikuwa Mama Pacha. Mabinti wao wawili walikuwa wamekwenda kusoma mbali, nyumba ikabaki na wao wawili tu na ukimya mwingi.

Baba yake Mama Pacha alikuwa fundi wa mageti na madirisha ya chuma. Alipofariki, ndugu waligombea kila kitu isipokuwa pikapu kuukuu aliyobebea mageti. Ilikuwa imekaa juu ya matofali, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Breki akaikokota hadi nyumbani, akaisukuma ndani ya banda la gari kando ya jiko, akamwambia mkewe, "Hii nitaizaa upya."

"Ukiizaa wewe, uji nitakupikia mimi," Mama Pacha akajibu, na wote wawili wakacheka.

Alitaka kuishusha hadi ikaribie kulamba lami, akate nguzo za paa ili kichwa chake kiwe kifupi, aondoe boneti injini ionekane, aweke tairi nyembamba mbele na nene nyuma. Magari ya namna hiyo alikuwa ameyatazama kwenye simu hadi macho yakamwuma. Injini aliijua vizuri. Kukata kwa grenda nako hakukumsumbua. Kilichomshinda ni kuunganisha. Nguzo ya kwanza ya paa aliyoichomelea ilitoka na mabonge kama samadi ya mbuzi, na alipoigusa ikadondoka miguuni pake.

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Baba Pacha, hapo unaunganisha chuma au unabandika gundi?"

"Njoo basi wewe, uone kama ni rahisi."

Akaweka sufuria chini. Akavaa kinyago, akapunguza moto wa mashine, akainama. Alikuwa amekulia kwenye karakana ya baba yake, akaiacha kazi pacha walipozaliwa, lakini kumbe mkono ulikuwa haujaiacha. Mstari ulitoka umelala sawasawa, kila tone juu ya mgongo wa jingine, kama magamba ya samaki. Ulipopoa, Breki aliupapasa kwa kidole asiamini.

Kuanzia hapo, kila Breki alipotoka kazini, wakawa wanaingia bandani pamoja. Yeye anakata na kupima, mkewe anachomelea. Chasisi ikafupishwa, paa likashuka, chuma cha kushikilia injini kikatengenezwa upya. Mama Pacha alipata makovu madogo ya cheche mikononi, na akawa anaimba humo ndani nyimbo ambazo mumewe hakuwahi kumsikia akiziimba.

Ila kila walipoanza, Breki alifunga geti. "Cheche zisije zikawaumiza watoto wa watu macho," alisema. Mama Pacha aliona ni busara. Breki peke yake ndiye aliyejua kwamba watoto wa watu hawakuwa akilini mwake hata kidogo. Majirani walipochungulia kazi wakauliza nani kachomelea, alitabasamu kama mtu asiyependa kujisifu. Tabasamu halina maneno, kwa hiyo alijiambia hajadanganya.

Pikapu ilipokamilika, nyekundu kama pilipili iliyoiva, waliipeleka kwenye maonyesho ya magari ya kuchongwa katika uwanja wa mpira. Watu waliizunguka kama nyuki. Mama Pacha alivaa gauni lake la kijani la mikono mirefu, akasimama upande wa abiria. Akaja mzee mmoja aliyeheshimika sana kwa kunyoosha magari yaliyogongwa, wote walimwita Mzee Bodi. Alilala chali chini ya pikapu, akakaa huko muda, kisha akatoka akijifuta mavumbi. Mwenye kipaza sauti alikuwa pembeni yake.

"Nimekaa kwenye kazi hii hadi nimeota mvi," Mzee Bodi alisema, "lakini maungio kama haya sijayaona siku nyingi. Nani kachomelea?"

Kipaza sauti kikasogezwa mdomoni mwa Breki.

"Mimi mwenyewe," Breki akasema.

Spika zililirusha neno hilo uwanja mzima. Watu wakapiga makofi. Mama Pacha alimtazama mumewe, si kwa ukali, alimtazama tu kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha akavuta mikono ya gauni hadi ikafunika vidole, naye akapiga makofi pamoja na watu.

Hayo makofi yake ndiyo yaliyomuua Breki. Njia nzima ya kurudi alisubiri kugombezwa, na kama angegombezwa angepata nafuu. Mkewe alisema jambo moja tu, kwamba kiti cha upande wake kinacheza, kikazwe. Walipofika akaingia jikoni. Bandani hakukanyaga tena. Chakula kiliwekwa mezani kama kawaida, salamu zikajibiwa kama kawaida, ila nyimbo zilikwisha. Breki akaifunika pikapu kwa turubai. Hakuwa na uso wa kuiendesha.

Wiki ile ile Mzee Bodi akaja na chasisi ya gari lake la ujanani, iliyoliwa na kutu. "Kijana wangu, hii simpi mtu mwingine. Nataka mkono ule ule."

"Mzee, mgongo unanisumbua kidogo," Breki akababaika.

"Uuguze. Chuma hakiozi kwa siku mbili," mzee akasema, akaiacha uani akaenda zake.

Uongo, kama kuku, ulikuwa umerudi nyumbani na vifaranga. Mama Pacha alipotoka kwenda sokoni, Breki alivaa kinyago akajaribu mwenyewe. Alidhani kwa kumtazama mkewe muda wote ule, mkono wake umejifunza kitu. Moto ukatoboa chuma cha mzee. Alipojaribu kuziba tundu lile akafungua jingine pembeni yake. Mkewe aliporudi alimkuta amekaa chini, kinyago mapajani, matundu mawili mbele yake yakimtazama kama macho.

"Mama Pacha," akasema, "nisaidie."

"Nikusaidie nini?"

"Hii. Mzee anaisubiri."

"Anamsubiri nani?" Akatua kikapu. "Chuma cha mtu anayedhani ni wewe, sikigusi. Ile pikapu ilikuwa ya baba yangu. Ungenyamaza tu pale uwanjani, ningeridhika. Sikukuomba unisifu."

Breki akaizima mashine. Akanawa mikono, akaenda kwa miguu hadi karakana ya Mzee Bodi. Mafundi walikuwa wamejaa. Alitamani kumvuta mzee kando, lakini alijua akifanya hivyo ataupunguza ukweli tena.

"Mzee, nilisema uongo. Aliyechomelea ni mke wangu. Mimi sijui kuchomelea, na chasisi yako nimeitoboa."

Nyundo zikanyamaza. Fundi mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Mzee Bodi hakucheka. "Umeitoboa wapi?" akauliza, na aliposikia akashika kichwa. Baadaye akasema, "Kuitoboa nitasahau. Nilikushika mkono wewe na kumpita mwenye kazi bila hata salamu. Umenifanya nimkosee mtu."

Alikwenda siku hiyo hiyo kumwomba Mama Pacha radhi. "Hukujua, mzee wangu," Mama Pacha akamwambia, kisha akachutama kukagua matundu. Akasema yanaponyeka.

Siku hizi anafanya kazi katika karakana ya Mzee Bodi, na hakuna anayemcheka. Anayechekwa ni mumewe. Abiria wa basi humwita Mimi Mwenyewe, naye huitika, maana atakataaje?

Na pikapu inatembea. Wakisimama mahali watu wakaisifu, masikio ya Breki hupata moto na hujibu upesi, "Kachomelea mke wangu," kabla hata hajaulizwa. Siku moja Mama Pacha alimwambia, "Baba Pacha, usiseme haraka hivyo kama mtu anayetema dawa chungu. Watu watadhani unanisingizia."

Juzi, kwenye kituo cha mafuta, dereva wa lori aliiinamia pikapu akauliza. Breki alijitahidi kusema polepole. Maneno yalitoka, lakini macho yalikuwa kwenye viatu vyake. Mama Pacha alishusha kioo, akamsalimia dereva yule, akaanza kumweleza mwenyewe jinsi paa lilivyoshushwa.