Hakikisha Ateremka Kisimani

Mume wangu haamini chumvi mpaka ailambe. Mkinisikia namwita Hakikisha msidhani namtukana. Jina hilo alipewa na wenzake kwenye stoo ya vipuri vya magari anakofanya kazi, na mimi nikaona linamkaa vizuri kuliko la baba yake, nikalichukua. Mteja akitaka beringi, Hakikisha anamwangalia usoni, anaigeuza beringi, anamwangalia tena. Na hapo ni mteja wa kila siku! Hata siku ya harusi yetu, watu wanacheza, bwana harusi yuko nyuma ya turubai anakagua kama viti vya kukodi vina miguu yote. Nilicheka sana siku hiyo. Nilikuwa binti, sikujua ninachokicheka.

Hapa nyumbani ukigonga mlango anauliza, "Nani?" Ukitaja jina anauliza, "Nani tena?" Dada yangu mwenyewe aliwahi kusimama nje na mzigo kichwani mpaka akatishia kurudi kwake.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye kitinda mimba wetu alimletea mchumba. Kitinda, tunamwita hivyo mpaka leo, anauza kwenye duka la dawa, ana akili na ana ulimi. Kijana alikuwa fundi bomba wa idara ya maji. Alikaa kwenye kiti kile pale karibu na cherehani yangu, akajibu kila alichoulizwa, na aliulizwa kama yuko polisi. Alipoondoka, Hakikisha akasema, "Huyu kijana ana kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ndiyo maana lazima nikitafute."

Jamani! Bila kumuaga mtu, akaenda mpaka kazini kwa mtoto wa watu. Akamhoji mlinzi wa getini, akawahoji akina mama wa mapokezi, akaingia kwa bosi kuuliza kama kijana hana mke aliyemficha mahali. Mbele ya wenzake wote. Kijana akawa kichekesho, kila akipita wanamuuliza mke wa kwanza hajambo. Akamwambia Kitinda, "Wewe nakupenda, lakini baba yako simuwezi." Akaomba uhamisho, akaenda zake mji mwingine.

Kitinda alifungasha, akapanga chumba nyuma ya soko, na tangu hapo hakukanyaga hapa. Simu ya baba yake hapokei. Yangu anapokea, na kila mara neno lake ni moja: "Mama, mwambie anieleze alikuta nini kule kazini. Akinieleza kwa mdomo wake, nitarudi." Nami kila nikimuuliza Hakikisha, anageukia ukutani. "Nilikwenda kuhakikisha, basi." Ulimi mzito kama nanga. Mimi nikiwa katikati, mama wa huyu na mke wa yule, nashona nguo za watu huku roho inaniuma.

Siku moja kaja kutoka kazini, hajavua hata viatu, akauliza, "Ule mchezo wa kwenye simu anaocheza mtoto unaitwaje?"

"Kisima Kikavu. Wa nini?"

"Nataka nijue mle ndani anashinda na watu gani."

Unaona mtu huyo? Badala ya kwenda kumwomba mwanawe msamaha, anaingia mchezoni kumpeleleza. Na jina la mtoto la mchezoni hata halijui. Yeye mwenyewe akajiita Stoo.

Basi mchezo wenyewe ni kuteremka kwenye visima vya zamani, unaokota vitu vya thamani, unafungua vyumba. Hakikisha alikwama siku ya kwanza tu, kwenye kapi la kupitishia kamba, lililoshika kutu. Akatafuta msaada akaangukia wiki ya mchezo, yaani ule mkusanyiko wa kurasa mtandaoni ambao wachezaji wenyewe ndio wanaouandika. Kila mtu anaandika alichokiona, na kila mtu anaruhusiwa kusahihisha cha mwenzake. Ukurasa wa kapi ulisema lilainishwe kwa mafuta ya taa. Akajaribu, wapi. Unajua alifanya nini? Alifuta ukurasa mzima, kazi ya watu, akaandika neno moja kwa herufi kubwa: UONGO.

Haikupita hata muda wa kunywa chai, ukurasa ukarudi kama ulivyokuwa. Msimamizi mmoja anayejiita Mfagizi akamwachia ujumbe: "Karibu sana. Tafadhali usifute. Sahihisha, kisha sema umejuaje."

Nilidhani atalitupa lisimu. Badala yake akasoma ujumbe ule mara ya pili, akatabasamu. "Umejuaje," akasema. "Mama, hawa watu wanauliza umejuaje!" Miaka yote dunia imemwona mkorofi kwa kuuliza swali hilo, leo kakuta mtaa mzima wa watu wanaoliuliza. Alirudi, akajaribu mpaka akaona kapi linakubali samli, akaandika vizuri, akaweka na picha. Mfagizi akamshukuru. Toka siku hiyo mume wangu nimempoteza.

Sheria zao alizikubali zote isipokuwa moja. Iko mwanzoni kabisa, inasema: mdhanie mwenzako nia njema. Alinisomea huku amekunja uso.

"Hii," akasema, "imeandikwa na mwizi."

Ikawa kila jioni yuko kwenye kochi, simu puani, anacheka peke yake, mara anasonya. Nikimsemesha, "Subiri, kuna mtu namjibu." Machale yakaanza kunicheza. Mtu mzima hachekei kapi. Nikisogea anageuza simu. Na mimi jamani, nimekaa na bingwa wa kushuku miaka yote hiyo, mnadhani sijajifunza? Kikulacho ki nguoni mwako. Siku alipoingia kuoga akaisahau simu juu ya cherehani, sikuipekua. Iliwaka yenyewe, na mimi macho ninayo.

Ujumbe ulitoka kwa mtu anayeitwa Kifaurongo. Ulisema: "Huwezi kukiona ukiwa peke yako. Njoo tuingie wawili. Nitakushika."

Ebo! Kumbe mchezo ndio kichaka! Hakikisha wangu, asiyemwamini hata muuza nyanya, ana mtu wa kumshika! Nilimsikia bafuni anapiga mluzi, na huo mluzi ndio ulionimaliza. Nikaitia simu kwenye pochi, nikajifunga kanga ya pili, nikatoka. Sikujua naenda wapi mpaka nilipojikuta nyuma ya soko, mlangoni kwa Kitinda.

"Shikamoo mama. Mbona unahema?"

"Marahaba. Hebu nisomee hapa. Nani huyu mwanamke anayemharibu baba yako uzeeni?"

Akaichukua simu. Akasoma. Akapandisha juu akasoma ya nyuma, akazidi kupandisha, na uso wake ukawa unabadilika nikauogopa. Nilidhani mambo ni mabaya kuliko nilivyoyafikiri. Kisha akakaa kitandani.

"Mama. Stoo ni Baba?"

"Ndiye."

"Kifaurongo ni mimi."

Nikakaa na mimi, sikuangalia kama pana kiti au hapana.

Akanieleza taratibu. Chini ya kisima cha tatu kuna chumba cha vigae vya buluu, katikati kuna kigoda. Yeye ndiye aliyekiandikia ukurasa kwenye wiki, ukurasa wake wa kwanza na anaoupenda kuliko yote. Kisha akatokea huyo Stoo. Stoo akaandika kwamba ameteremka, amepapasa ukuta wote, chumba hakipo, mwandishi ametunga. Kitinda akamjibu kwa adabu kwamba chumba hakifunguki kwa mtu mmoja. Lazima mmoja ashike kamba juu, mwingine ateremke. Aliye juu akiiachia kamba, wa chini anapoteza kila kitu alichokusanya tangu aanze kucheza. Stoo akaandika, kila mtu asome: "Jihadharini. Hivi ndivyo wezi wanavyowavua watu." Basi hakuna mchezaji aliyekubali tena kushikiwa kamba na Kifaurongo. Na Mfagizi ametoa tangazo, picha isipopatikana kufikia Ijumaa, ukurasa unafutwa.

"Si uweke tu picha, mwanangu?"

"Sina, Mama. Siku ile hatukupiga picha, tulikuwa tunacheka."

"Wewe na nani?"

Akaniangalia. Nikajuta kuuliza. Nani mwingine angemshikia kamba, kama si yule fundi bomba?

Ndipo akalia. Tangu aondoke nyumbani sikuwa nimemwona akilia. "Amemfukuza," akasema, "halafu ananidai ushahidi wa kitu nilichokiona naye."

Nilimshika kichwa mpaka akanyamaza, kisha nikarudi na moto wangu. Nilimkuta Hakikisha yuko mlangoni na taulo, anatafuta simu yake kama kuku aliyepoteza kifaranga. "Nani kaichukua? Fundi umeme alipita hapa?"

"Nimeichukua mimi. Kaa chini."

"Kwa nini nikae?"

"Kaa, baba we!" Akakaa. "Kifaurongo ni Kitinda."

Akafungua mdomo aulize nimejuaje, nikamwonyesha kidole, akaufunga. Nikamweleza yote, na la kamba, na la kucheka, sikumpunguzia hata chembe. Akachukua simu akaanza kusoma maneno yake mwenyewe aliyomwandikia mwanawe. Mwongo. Mtungaji. Mwizi. Aliyasoma polepole, midomo inachezacheza. Nilimwona akizeeka pale pale kwenye kochi.

Kisha akaandika. Nilichungulia bila aibu. "Niko tayari kuteremka. Stoo." Akafuta Stoo, akaweka Baba.

Jibu halikukawia. "Njoo kisima cha tatu."

Mimi mchezo siujui, lakini siku ile niliutazama kuliko harusi. Kuna kibinti kidogo kimesimama mdomoni mwa kisima, kimeshika kamba. Kuna kibabu chenye mfuko mkubwa mgongoni, mfuko umejaa vitu alivyovikusanya jioni zote zile. Kibabu kikafika ukingoni kikasimama.

"Ataishika kweli?" akaniuliza.

"Hakikisha!"

"Nauliza tu."

"Ningekuwa mimi ningeiachia," nikamwambia, na nilimaanisha.

Akabonyeza. Kibabu kikateremka, kikateremka, giza likakimeza. Katikati ya giza kamba ikasimama. Hakuna chumba, hakuna ukuta, kimening'inia tu. Ujumbe ukaingia.

"Baba. Ulikuta nini kule kazini kwake?"

Hakikisha akanigeukia, mimi nikageukia ukutani kama anavyonifanyiaga. Hakuwa na pa kukimbilia. Angeweza kuizima simu, kweli, na nilikaa tayari kumrukia. Lakini alibaki ameishika kwa mikono miwili, kama beringi aliyoigundua kuwa ina ufa baada ya kumuuzia mtu.

Akaandika kwa kidole kimoja. Nakumbuka kila neno maana nilimsaidia kutafuta herufi, macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. "Nilikuta kila alichotuambia ni kweli. Kazi ipo. Mke hana. Bosi wake alimsifu mbele yangu. Nilikuwa nimeshamwaibisha, nikaona aibu kurudi na mikono mitupu, nikanyamaza. Nisamehe mwanangu."

Akatuma. Tukangoja. Kibabu kinaning'inia gizani, mfuko mgongoni.

"Ameachia?" akanong'ona.

"Bado."

"Akiachia ana haki."

Hilo ndilo neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake toka tuoane. Nikamshika bega.

Kamba ikatikisika. Kibabu kikaanza kushuka tena, taratibu, na mwanga wa buluu ukatokea chini, vigae kila upande, kigoda katikati kama Kitinda alivyoandika, hata ule mguu mmoja mfupi alioutaja. Hakikisha alisahau kupiga picha. Nilimpiga kiwiko, akapiga. Kisha akavutwa juu, hajapoteza hata kijiko.

"Nakuja Jumapili," Kitinda akaandika. "Usiniulize nani mlangoni."

Hakikisha alicheka na kulia kwa pamoja, mtu mzima, taulo shingoni. Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Ilibaki Ijumaa ya Mfagizi. Akafungua ukurasa wa chumba, akafuta maneno yake yote mabaya, akaweka picha. Chini kuna kile kisanduku chao wanachokuuliza umejuaje. Kila siku alikuwa anakijaza mpaka kinafurika: amepima hiki, amerudia kile. Safari hii alikaa nacho muda mrefu, akaandika kidogo tu.

"Nimeteremka mwenyewe. Aliyeshika kamba alikuwa na kila sababu ya kuiachia. Hakuiachia."