Mpiga besi wa kwenye kaseti ya baba

Leo nimegundua baba hakuwa amekosea. Na tumeshamzika.

Mzee alifanya kazi kiwanda cha mkonge mpaka kelele za mashine zikamuumiza masikio. Alikuwa na kaseti moja ya jazi ya zamani ya Kimarekani. Wapigaji watano tu: tarumbeta, saksafoni, piano, besi na dramu.

Kila mara alituambia, "Msikieni huyu wa besi, anapiga huku anaimba."

Sisi tulisikia mikwaruzo tu. Tukamcheka. Mama ndiye aliyezidi: "Baba Neema, hayo ni masikio yako!"

Mwishowe akaacha kutuita. Akawa anasikiliza peke yake chumbani.

Sasa leo asubuhi, hapa nyumbani Masuguru, nimeipata albamu ileile mtandaoni, imesafishwa sauti upya. Nikavaa hedifoni.

Jamani, yupo! Anaimba chinichini akiufuata wimbo, kwa sauti nzito, mwanzo hadi mwisho.

Nikamvalisha mama. Alikuwa anachambua mchele. Akasikiliza wimbo mzima, ungo mapajani.

Alipozivua akaniuliza, "Sasa tutamwambiaje?"

Nyie mngemjibu nini?