Diapo ya Tano

Mwalimu aliyesimamia kazi yangu ya mwisho chuoni Lubumbashi alikuwa na sheria moja kuhusu diapo, zile picha ndogo tulizotia katika mashine ili zionekane kubwa ukutani: diapo moja, wazo moja. Nilimpelekea jedwali la safu kumi na mbili. Aliliinua kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia, akiniita "raia" kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa enzi zile.

"Citoyen, hii iko diapo ao iko gazeti? Utafute sura ya muntu."

Niliandika juu ya vumbi la tanuru na vifua vya wafanyakazi wa shaba. Nilitaka chuo kinibakize kama mwalimu msaidizi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka nikapitiliza. Sura ya mtu nilikuwa nayo. Niliwahi kumpiga baba picha mlangoni petu, mtaa wa Kenya hapo hapo Lubumbashi, akitoka zamu ya tanuruni, nyusi nyeupe kwa vumbi. Lakini baba alikuwa amefariki miezi mitano kabla, na matanga yalikuwa bado hayajaondolewa.

Katika ukoo wetu, mtu akifa, picha zake hufungwa kitambaani mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo mjane ndiye anayefunua sura ya mumewe, ndugu zake wakimshika mikono. Nililijua hilo tangu utotoni. Ila msomi hakosi njia: nikajiambia kwamba desturi inahusu picha za karatasi, na diapo ni mwanga tu. Baba mkubwa, mkuu wa ukoo, sikumuuliza, kwa sababu jibu lake nililijua.

Siku ya kutetea kazi, mama alikuja na kitambaa cheusi kichwani, akakaa mstari wa mbele. Mapazia yakafungwa. Diapo nne zilipita vizuri. Ya tano ilipowaka, baba alijaa ukuta mzima.

Mama hakulia. Alisimama, akausogelea ukuta, akabaki ndani ya ule mwanga, nusu ya uso wa baba ikiwa mgongoni mwake. Kitufe kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kukibonyeza, baba akapita, nikamfuata mama. Niliogopa kupoteza mtiririko wa maneno yangu. Nikaendelea kusoma.

Walinipa alama za juu. Mwalimu alinishika mkono kwa nguvu, akasema ile ya tano iliwagusa wote, na kwamba nafasi ya msaidizi ni yangu. Nilifurahi. Naona haya kusema hivyo, lakini nilifurahi.

Mama nilimkuta nje, karibu na lango, amekaa juu ya jiwe.

"Mama, unisamehe."

Alisema bila hasira:

"Siku ya kumufunua ilikuwa yangu. Bandugu bangenishika mikono. Leo nilimuona miye peke yangu, na weye mutoto yangu ulikuwa unasoma makaratasi."