Pini ya Foklifti na Posa ya Odilia

Egidius, fundi wa ghala la mchele pale Ifakara, hakuwa mtu wa kubabaika. Lakini Jumanne ile ya mwaka tisini na tano, weee, jasho lilimtoka! Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu, na kwake Lupiro posa hailetwi Kwaresima. Binti yake Odilia alikuwa akiposwa jioni hiyohiyo. Pantoni ya mwisho ya kuvuka mto pale Kivukoni ikimwacha yeye na mshenga, basi tena, mpaka Pasaka, na baba mtu hakutaka kumliza mwanawe kwa sababu ya gurudumu.

Maana foklifti, ile mashine ya kupakia magunia kwenye behewa la treni, ilikuwa inanguruma gurudumu la mbele, na mwenye ghala alishasema: haondoki mtu kabla behewa halijajaa. Dereva wake, Alfonsi, Mngoni na mtani wake, ndiye aliyekuwa mshenga wa posa hiyo. Uone mambo!

"Fanya upesi, Mpogoro wewe! Leo nakuja kukubebea mtoto."

"Utabeba magunia kwanza."

Egidius alipiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akafungua, akaziosha beringi kwa dizeli, akazikagua, akazipaka grisi mpya. Akakaza nati huku akilizungusha gurudumu mpaka likawa zito, kisha akairudisha nyuma kidogo. Beringi ukiibana mno inaungua. Ukiilegeza mno gurudumu linayumba. Lilipozunguka laini bila kucheza, akanyoosha mkono achukue pini mpya ya kuizuia nati isifunguke. Pini hakuna.

Alfonsi alikuwa akitazama paa, anapiga mluzi.

"Faini ya utani, bwana! Toa jogoo nikupe pini."

Mtani hakasirikiwi. Egidius akaahidi jogoo, roho ikimuuma. Alfonsi akaingiza mkono mfukoni, kidole kikatokea pajani.

"Mama yangu! Mfuko umetoboka!"

Na asubuhi nzima alikuwa akikatiza juu ya lundo la pumba! Scolastica na wenzake, waliokuwa wakipepeta chenga, walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakaligeukia lundo na nyungo zao, wakapepeta, wakapepeta, vumbi likawafanya weupe kama mizimu. Hatimaye kitu kikalia juu ya ungo wa Scolastica. Pini hiyo! Alfonsi akapiga magoti kabisa.

Gurudumu likafungwa, behewa likajaa, na wale wawili wakapanda baiskeli moja mbiombio. Pantoni waliidandia ikiwa imeshaanza kuondoka.

Kule Lupiro wazee walikuwa wameshaketi, na shangazi yake Odilia pamoja nao. Alfonsi akakohoa, akasimama aseme maneno ya ushenga. Egidius akamnyooshea mkono.

"Kaa chini, mtani. Shangazi, mletee sindano na uzi. Anayekuja kunibebea mtoto, mfuko wake uzibwe kwanza!"

Mshenga akashona mfuko wake mbele ya wakwe, akijichoma vidole. Na kicheko kilichosikika kwa nguvu zaidi kilitoka chumbani, kwa Odilia.