Kichuguu Asichokitaja Nkandu

Alfajiri ya manyunyu, wilayani Serenje nchini Zambia, Nkandu Chisenga anatoka nyumbani na Biblia kwapani, eti anakwenda kanisani. Leo ni Jumanne. Akifika kwenye kona anageuka nyuma, anaangaza huku na huko, kisha anapotelea msituni.

"Lazima nizunguke," anasema. "Kijiji hiki kina macho kuliko nanasi."

Anachokificha ni mahali unapoota uyoga mkubwa wa kichuguu, ambao kofia yake moja humkinga mtu mvua. Zamani ulikuwa mwingi. Siku hizi ni adimu, na kichuguu kinachoutoa kila masika anakijua yeye tu.

"Kichuguu changu cha kwanza nilimtajia dada yangu peke yake," anaeleza mjane huyu wa miaka hamsini na minane. "Kufumba na kufumbua, kijiji kizima kiko pale na majembe. Wakachimba mpaka mchwa wakahama. Pasipo mchwa, uyoga huo hauoti. Basi, ikawa mwisho."

Anayemsumbua zaidi ni jirani yake Mngoni, Lazaro Jere, mtani wake wa kabila. Masika yaliyopita Jere alimnyatia msituni, mti hadi mti, mpaka akatumbukia kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, karibu kabisa na kichuguu chenyewe.

"Wewe Mbemba, nitoe!"

"Wangoni si mnakula panya? Tafuta humo humo, ule."

"Mguu umeteguka, mtani! Nakufa!"

Nkandu alichuchumaa akawaza. Akimtoa, Jere atakiona kichuguu. Akimwacha, utani utakuwa msiba. Akamtupia kitenge.

"Jifunge macho. Hutaki, lala salama."

Ndivyo kijiji kilivyomwona Jere akirudi, uso umefunikwa kitenge cha maua mekundu, akichechemea nyuma ya mtani wake na kuruka kila alipoambiwa kuna kijito.

"Niliruka vitatu," anakiri Jere. "Kumbe njia nzima ni kavu!"

Sasa magoti ya Nkandu yamechoka, anataka mrithi wa siri. Wanawe amewakataa: mkubwa akilewa hutaja kila kitu, na mdogo, Bwalya, huongea usingizini. Amemchagua Tisiyenji, binti wa Jere, ambaye Bwalya anamuoa mwezi ujao.

"Binti huyu alikuwa na mchumba mwaka mzima, na baba yake, mpelelezi mkubwa, hakunusa kitu," anasema. "Mvua kubwa zikianza tu, nampeleka."

Jere anacheka. "Mimi ndiye niliyemzaa. Ataniambia."

Tisiyenji, anayepepeta mahindi kando yao, hainui hata macho kutoka kwenye ungo wake.

"Nikuambie nini, baba?"