Shubiri za Akiror

Shemeji yangu Akiror hakujua kusoma, lakini ng'ombe alimsoma kuanzia kwato hadi nundu. Alizaliwa Malaba, mahali mifugo ya Uganda ilipovukia mpaka, akakua akiitazama ikipita. Ankole na pembe zake ndefu hata mimi ningemtambua. Yeye aliangalia shingo na mwendo tu, akataja ng'ombe ametoka upande gani. Tukiwauliza wachungaji, tulikuta ni kweli.

Ndugu yangu alipofariki alimwachia watoto watatu na ng'ombe mmoja, Kadogo, zebu mwekundu asiyenifika kifuani. Maziwa yake hayakujaza kibuyu, lakini ndiyo watoto waliyoyategemea. Hakuwa na ng'ombe mwingine.

Mwaka wa sitini na sita bwana mifugo, Zephaniah, akaanza kuja kwenye josho la Amukura na chupa ya barafu iliyobeba mbegu za madume ya kigeni. Dume asiyeonekana! Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikapanga foleni na ng'ombe wangu kama wenzangu. Alitueleza kwamba Friesian asili yake Uholanzi, mweusi na mweupe, mwili mkubwa, maziwa kwa debe. Jersey ametoka kisiwa kidogo karibu na Uingereza. Huyo ni mdogo, rangi ya chai ya maziwa, na maziwa yake ni machache ila yana mafuta mengi. Wote hawana nundu.

Wanaume wote tulitaka Friesian. Nani atajisifu kwa kitu kidogo?

Akiror akatanua vidole, akapima nyonga za Kadogo kwa shubiri. Akapima tena.

"Daktari, mimi nipe ile ndogo," akasema. "Mlango ni huu tu. Mgeni mnene atapita wapi?"

"Shemeji, unaogopa maziwa?" nikamtania.

Akapima na wangu, akanitikisia kichwa. "Emukule, sikia. Hii yako ni nyembamba kushinda yangu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikachukua Friesian.

Miezi tisa ikapita. Kadogo akazaa peke yake, asubuhi na mapema, ndama wa rangi ya chai mwenye macho makubwa kana kwamba kapakwa wanja. Akiror akapitisha mkono mgongoni, akatafuta nundu, akaikosa.

"Baba yake hajawahi kukanyaga hapa," akanong'ona, "na bado amefika."



Siku tatu baadaye ng'ombe wangu akakwama akizaa. Tulivuta kwa kamba mpaka jua la utosi. Ndama alitoka hai, mama yake hakuinuka tena. Nililia, na sioni haya kusema.

Akiror hakunisimanga. Aliniamuru nimpeleke ndama kwake, akampaka chumvi mwili mzima, akamsogeza kwa Kadogo. Kadogo akanusa, akapiga teke, akanusa tena, akaanza kulamba.

"Na watoto wako watakunywa nini?" nikauliza.

"Uji mtupu. Hawatakufa. Huyu atakufa."

Nikachuchumaa nikamtazama yule zebu mfupi. Upande huu ndama wa kisiwani, upande ule wa Uholanzi, tayari mgongo wake unafika tumboni mwa Kadogo, na Kadogo mwenyewe anacheua tu. Ulaya nzima ilikuwa inanyonya Amukura.

Nikavua kofia mbele ya ng'ombe.